Milinganyo miwili, vigeu viwili: tuielewe njia ya kuweka badala hatua kwa hatua

BarazaLaHesabu (mleta uzi), Ngamiani, Tanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Kila siku baada ya alasiri huwa ninakaa barazani kwangu hapa Ngamiani na watoto wa majirani, wengi wao wa kidato cha kwanza na cha pili, tukiwa na ubao mmoja na vipande vya chaki, na kwa wiki tatu sasa linalowasumbua ni jambo moja tu: milinganyo miwili yenye vigeu viwili (yaani herufi mbili zinazokaa mahali pa namba tusizozijua), hasa pale wanapotakiwa kuitatua kwa kuweka badala. Nimeona tulizungumze kwa Kiswahili kwa sababu watoto hawa walimaliza darasa la saba wakijua mlinganyo ni nini na wakiitaja MAGAZIJUTO (mpangilio wa matendo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) usingizini, kisha walipoingia sekondari maneno yote yakageuka Kiingereza kwa siku moja. Wengi wao sasa hivi wanazifuata hatua za njia hii kama mtu anayeimba wimbo wa lugha asiyoijua: sauti anazitoa sawasawa, lakini ukimkatisha katikati hawezi kuendelea.

Tuanze na neno lenyewe, maana neno hili ni letu la kila siku. Badala ni kitu kinachokaa mahali pa kitu kingine bila kuharibu hesabu. Noti mbili za shilingi elfu tano zikikaa mahali pa noti moja ya elfu kumi, droo ya duka haipungui wala haizidi, kwa kuwa thamani ni ileile. Njia tunayoizungumzia haina sheria nyingine zaidi ya hiyo. Mlinganyo mmoja unatuambia kwamba kigeu fulani ni sawa na kitu fulani, nasi tunakichukua kitu hicho tukakikalisha mahali pa kigeu hicho katika mlinganyo wa pili.

Nitatoa swali la mtaani. Karakana moja ina baiskeli na bajaji, jumla yake ni vyombo 30. Ukihesabu magurudumu yanayogusa ardhi, bila tairi za akiba, unapata 71. Je, baiskeli ni ngapi na bajaji ni ngapi? Idadi ya baiskeli tuiite b, idadi ya bajaji tuiite j.

b + j = 30
2b + 3j = 71

Mlinganyo wa kwanza peke yake haumalizi swali, kwa kuwa 20 na 10 zinafaa, 15 na 15 zinafaa, hata 29 na 1 zinafaa. Hata hivyo umetupa habari kubwa: ukishajua idadi ya bajaji, umeshajua na ya baiskeli, kwa sababu b = 30 − j. Baiskeli zimepata jina la pili. Sasa twende kwenye mlinganyo wa pili, na popote tunapoiona b tuandike jina hilo la pili, ndani ya mabano:

2(30 − j) + 3j = 71
60 − 2j + 3j = 71
60 + j = 71
j = 11

Bajaji ni 11, na baiskeli ni 30 − 11, yaani 19. Hakiki: magurudumu ya baiskeli ni 38, ya bajaji ni 33, jumla 71.

Mwenye mtoto anayesumbuliwa na hesabu hizi naomba alete swali hapa pamoja na hatua zote alizoziandika mtoto, hata kama amekosea. Jibu peke yake halinisaidii, kwa kuwa kosa liko ndani ya hatua na huko ndiko tunakotaka kulitafuta.

FundiPancha

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni fundi baiskeli, ninaziba pancha na kunyoosha rimu, na masomo yangu yaliishia darasa la saba. Swali lako nimelifanya kichwani kabla sijafika kwenye hizo herufi. Nilisema hivi: kila chombo kina magurudumu mawili kwa uchache, na vyombo ni 30, kwa hiyo hayo ni 60. Mwenyewe umesema ni 71, basi yamezidi 11. Bajaji ndiyo yenye gurudumu la ziada, moja kwa kila bajaji, kwa hiyo bajaji ni 11. Naomba kujua kama hii nayo ni njia, au nimebahatisha tu.

BarazaLaHesabu

Marahaba, fundi. Hukubahatisha hata kidogo, na nimefurahi sana ulivyoandika, maana umenipa maelezo bora kuliko niliyokuwa nayo. Tazama mstari wa tatu wa hesabu yangu: 60 + j = 71. Usome kwa sauti. Sitini ni magurudumu ambayo yangekuwepo kama vyombo vyote vingekuwa na magurudumu mawili mawili, na j ni magurudumu ya ziada, moja kwa kila bajaji. Mstari huo ni sentensi yako mwenyewe, neno kwa neno, isipokuwa mimi nimeiandika kwa alama.

Hata mstari wa juu yake unasomeka. Pale palipoandikwa 60 − 2j + 3j, fikiria karakana imejaa baiskeli 30, kisha unatoa baiskeli moja na kuingiza bajaji moja mahali pake. Umeondoa magurudumu mawili, umeleta matatu. Ukifanya hivyo mara j, umeondoa 2j na umeleta 3j. Kuweka badala kwenye karatasi na kuweka badala karakanani ni tendo lilelile.

Ninachokuomba usikidharau ni zile herufi. Katika swali hili namba zilikuwa laini, tofauti ya magurudumu ikawa moja, na kichwa kikatosha. Namba zikiwa ngumu kichwa huchoka, lakini herufi hazichoki.

MamaMakorora

Asalaam alaykum, mwalimu. Binti yangu yuko kidato cha pili, na nimenakili alichokiandika kwenye daftari lake. Swali linasema: madaftari matatu na kalamu mbili ni shilingi 4,100; madaftari mawili na kalamu tano ni shilingi 4,200; tafuta bei ya daftari moja na bei ya kalamu moja. Ameandika:

3d + 2k = 4,100
2d + 5k = 4,200
d = 2,100 − 5k
3(2,100 − 5k) + 2k = 4,100
6,300 − 15k + 2k = 4,100
13k = 2,200
k = 169.23

Amehakiki kwenye mlinganyo wa kwanza akapata 4,100 kamili, kwa hiyo anashikilia kwamba amepata. Mimi sijui aljebra, lakini ninajua hakuna duka hapa Makorora linalouza kalamu kwa shilingi 169 na senti. Kosa liko wapi?

BarazaLaHesabu

Waalaykum salaam, mama. Jicho lako la dukani limeona jambo ambalo kalamu ya binti haikuliona. Mwambie kuanzia leo swali la kwanza la kulihoji jibu liwe hilohilo: je, kitu hiki kinaweza kuwepo?

Kosa liko kwenye mstari wa tatu. Kutoka 2d + 5k = 4,200 tunapata 2d = 4,200 − 5k, na hapo bado yuko sahihi kichwani. Ili ipatikane d moja, upande wote wa kulia lazima ugawanywe kwa 2, yaani 4,200 igawanywe na 5k nayo igawanywe. Yeye aligawanya 4,200 akaiacha 5k ilivyo. Ni sawa na watu wawili waliokubaliana kugawana nusu kwa nusu mali na deni la duka, wakagawana mali, kisha deni lote akaachiwa mmoja. Mstari sahihi ni huu:

d = 2,100 − 2.5k
3(2,100 − 2.5k) + 2k = 4,100
6,300 − 7.5k + 2k = 4,100
6,300 − 5.5k = 4,100

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hatua mbili zinazofuata zina historia inayotugusa. Al-Khwarizmi, mwanahesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliyapa majina matendo mawili ya kusafisha mlinganyo. La kwanza aliliita al-jabr, yaani kurejesha: kilichotolewa upande mmoja kinarejeshwa kwa kuongezwa pande zote mbili, na kutokana na jina hilo dunia nzima inasema aljebra. Hapa kwetu 5.5k iliyotolewa kushoto tunairejesha, tunapata 6,300 = 4,100 + 5.5k. La pili aliliita al-muqabala, kukabilisha: vitu vya aina moja vilivyoko pande zote mbili vinakabilishwa na kupunguzana. Waswahili tunasema kukabili na mkabala kutokana na shina hilohilo la Kiarabu. Tukikabilisha 6,300 na 4,100 inabaki 2,200 = 5.5k.

Kwa hiyo k = 400, na d = 2,100 − 1,000, yaani 1,100. Kalamu ni shilingi 400 na daftari ni shilingi 1,100. Madaftari matatu ni 3,300, kalamu mbili ni 800, jumla 4,100. Madaftari mawili ni 2,200, kalamu tano ni 2,000, jumla 4,200.

Kuhusu hakiki iliyomdanganya binti, nimeona kuna mwingine ana jambo la kufanana nalo, kwa hiyo nitalijibu mara moja kwa wote wawili.

KidatoChaPili_Chumbageni

Shikamoo, mwalimu. Mimi nimepewa hii: y = 2x − 5 na 3x − 2y = 4. Kwa kuwa y tayari imeshatengwa, nimeweka badala moja kwa moja:

3x − 2 × 2x − 5 = 4
3x − 4x − 5 = 4
−x = 9
x = −9

Kisha y = 2(−9) − 5 = −23. Nimehakiki kwenye y = 2x − 5 na imekubali. Mwalimu wetu ameweka mkasi bila kueleza, na kitabuni jibu ni x = 6 na y = 7.

BarazaLaHesabu

Marahaba, mwanangu. Kitabu kiko sahihi, na kosa lako ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote barazani kwangu. Umeandika badala bila mabano. Mahali pa y palikuwa na kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kinazidishwa kwa 2 kisha kinatolewa. Sasa umemleta mgeni mwenye mizigo miwili, 2x na −5, na yote miwili ni yake. Mabano ndiyo kamba inayoifunga mizigo hiyo pamoja. Bila kamba, 2 imezidisha mzigo wa kwanza tu, na alama ya kutoa imeufikia huo mmoja tu:

3x − 2(2x − 5) = 4
3x − 4x + 10 = 4
−x = −6
x = 6

Angalia ile +10. Wapo wanaoweka mabano vizuri, lakini wakati wa kuyafungua wanaandika −10, wakapata x = −14. Hasi mbili kuzidisha hasi tano ni chanya kumi. Mimi huwataka watoto waandike mstari wenye mabano kama ulivyo, kisha mstari wa mabano yaliyofunguliwa, kila mmoja peke yake. Anayeruka mstari mmoja kwa kuokoa wino huishia kufuta mistari mitatu.

Sasa tuje kwenye hakiki, na ninaomba na Mama wa Makorora asome, kwa sababu jambo hili sikulielewa mimi mwenyewe mpaka nilipokuwa nimefundisha muda mrefu.

Kijana wa Chumbageni alitenga y kutoka mlinganyo wa kwanza bila kosa, akakosea alipokuwa anaitumia ndani ya mlinganyo wa pili. Baadaye aliitafuta y kwa kutumia mlinganyo wa kwanza. Ni lazima mlinganyo wa kwanza ukubali, hata kama x ingekuwa namba yoyote ile, kwa sababu y imetengenezwa ili uikubali. Ukiuliza wa pili utapata: 3(−9) − 2(−23) = −27 + 46 = 19, wakati ulitakiwa uwe 4. Wa pili umekataa.

Binti wa Makorora kafanya kinyume. Yeye alikosea wakati wa kutenga, ndani ya mlinganyo wa madaftari mawili na kalamu tano, lakini baada ya hapo kazi yake yote katika mlinganyo mwingine ilikuwa safi. Ndiyo maana mlinganyo wa kwanza ulimkubalia 4,100 kamili. Tukiziingiza namba zake kwenye ule alioutumia kutenga, d ikiwa takriban 1,253.85 na k ikiwa 169.23, tunapata karibu 3,354, wakati inatakiwa 4,200.

Maana yake ni kwamba kila mlinganyo unakamata kosa lililofanyika ndani ya mipaka yake. Mlinganyo uliotumia kutenga ukikataa, rudi uangalie ulivyotenga: uligawanya vyote? Ulihamisha kwa alama sahihi? Mlinganyo uliowekea badala ukikataa, rudi kwenye mabano. Yote miwili ikikataa, huenda makosa yamekuwa mawili. Anayehakiki mlinganyo mmoja tu ameacha nusu ya kazi yake bila mlinzi. Na hakiki ifanyike kwenye milinganyo ya swali kama ilivyochapishwa, kwa kuwa mstari wa katikati ya kazi unaweza kuwa umeshaharibika.

KaraniWaBandari

Mwalimu, ninakuheshimu kwa kazi unayowafanyia watoto wetu, lakini nina hoja. Nilipokuwa shule tulipendelea njia ya kuondoa kigeu kwa kujumlisha au kutoa milinganyo, na ninaiona fupi zaidi. Chukua mashua ya injini inayokwenda kilomita 12 kwa saa moja ikishuka na mkondo wa Mto Pangani, na kurudi umbali uleule kwa saa moja na nusu ikipanda. Mwendo wa mashua ni m, wa mkondo ni k, na kilomita 12 kwa saa moja na nusu ni kilomita 8 kwa saa:

m + k = 12
m − k = 8

Nikijumlisha tu, 2m = 20, m = 10, k = 2. Mistari miwili nimemaliza. Kwa nini tuwachoshe watoto kwa mabano?

BarazaLaHesabu

Ndugu karani, kwa swali hilo ninakubaliana nawe bila ubishi. Vigeu vikiwa vimekaa hivyo, kujumlisha ndiyo njia, na ningemsahihisha mtoto wangu kama angeanza kutenga. Njia yako ni kongwe sana. Wachina waliifanya kwa vijiti vilivyopangwa juu ya ubao, na Liu Hui aliifafanua katika maandishi yake ya mwaka 263. Ulaya baadaye waliihusisha na jina la Gauss, mwanahesabu wa Kijerumani. Hata hiyo, vigeu vikiwa vitatu au zaidi, humalizika kwa kuweka badala: ukishakipata kigeu cha mwisho unakirudisha kwenye mlinganyo wa juu yake, kisha wa juu zaidi, mpaka ufike kileleni.

Hata hivyo ninazo sababu mbili za kung'ang'ania njia hii.

Ya kwanza ni kwamba kuweka badala kunavuka mahali ambapo kujumlisha kunakwama. Mtu ana bustani ya mchicha yenye umbo la mstatili, mzingo wake mita 14, eneo lake mita za mraba 12. Urefu na upana vikijumlishwa ni 7, vikizidishwa ni 12. Milinganyo hii, x + y = 7 na xy = 12, huwezi kuijumlisha ukaondoa kitu. Lakini y = 7 − x, kwa hiyo x(7 − x) = 12, unafungua mabano unapata x² − 7x + 12 = 0, na x ni 3 au 4. Bustani ni mita 4 kwa mita 3. Mtoto aliyezoea kukalisha kitu mahali pa kingine hashtuki akikutana na milinganyo isiyo ya mstari, na atakutana nayo kabla hajamaliza kidato cha nne.

Ya pili ni kwamba watu wengi wanadhani badala lazima iwe ya kigeu kimoja kitupu, na kwa sababu hiyo wanajiletea sehemu zisizo na ulazima. Tazama hii:

3x + 4y = 10
5x − 2y = 8

Anayetenga y peke yake ataandika y = (5x − 8)/2 na kuanza kuhangaika na asili na kiasi, yaani namba ya chini na ya juu ya sehemu. Lakini kwa nini utenge y, wakati mlinganyo wa kwanza unahitaji 4y, na 4y ni 2y mara mbili? Itenge 2y kama ilivyo: 2y = 5x − 8. Kwa hiyo 4y = 2(5x − 8), nasi tunaikalisha hiyo mahali pa 4y:

3x + 2(5x − 8) = 10
13x − 16 = 10
x = 2

Kisha 2y = 10 − 8 = 2, na y = 1. Hakuna sehemu hata moja iliyoandikwa. Ukilitazama vizuri utaona kwamba tumefika mahali palepale ambapo njia yako ingetufikisha, maana wewe ungezidisha mlinganyo wa pili kwa 2 kisha ungejumlisha. Hizi njia ni ndugu wa tumbo moja.

Nikiulizwa kipi kitengwe kwanza, jibu langu ni fupi: tafuta kigeu kisichoshikamana na namba yoyote isipokuwa 1. Kikikosekana, tafuta kilichoshikamana na namba inayogawanya mwenzake wa mlinganyo mwingine. Kikikosekana na hicho, chukua chochote na uwe na subira na KDS (kigawe kidogo cha shirika).

KidatoChaPili_Chumbageni

Ahsante, mwalimu. Nina lingine. Nilikuwa natatua x + 2y = 7 na 3x − y = 7. Nikatenga x = 7 − 2y, nikaiweka, nikapata 7 − 2y + 2y = 7, yaani 7 = 7. Vigeu vyote vimepotea. Rafiki yangu anasema maana yake majibu hayana idadi. Ni kweli?

BarazaLaHesabu

Mwanangu, hebu tazama uliiweka wapi. Uliitenga x kutoka mlinganyo wa kwanza, kisha ukairudisha ndani ya mlinganyo huohuo wa kwanza. Umeuliza swali ambalo mlinganyo ulishakujibu, na ukakujibu vilevile: saba ni saba. Badala inayotoka mlinganyo mmoja lazima ihamie kwenye mlinganyo mwingine. Ukiiweka kwenye wa pili utapata 3(7 − 2y) − y = 7, yaani 21 − 7y = 7, y = 2, na x = 3.

Rafiki yako hata hivyo amesikia jambo la kweli, ila limeangukia mahali pasipo pake. Chukua x + 2y = 7 na 2x + 4y = 14. Ukiweka badala kwa haki, kutoka wa kwanza kwenda wa pili, unapata 2(7 − 2y) + 4y = 14, yaani 14 = 14. Hapo ni kweli majibu hayana idadi. Ni kama mtu akuambie andazi moja na vikombe viwili vya chai ni shilingi fulani, kisha akuambie kwamba maandazi mawili na vikombe vinne ni mara mbili ya hiyo. Amesema mara mbili, lakini habari ni moja. Kwenye grafu, mistari miwili imelaliana.

Na ukibadili 14 iwe 15, utapata 14 = 15, jambo lisilowezekana. Jibu halipo, na mistari ni sambamba, haikutani popote. Watoto wengi wakiona 14 = 15 wanafuta kazi yote wakidhani wamekosea. Wasifute. Wahakikishe kwanza hawakukosea hatua, kisha waandike kwa uwazi kwamba milinganyo hii haina jibu la pamoja, maana hilo lenyewe ndilo jibu.

Jaribu hili peke yako, na hapa kigeu cha peke yake hakipo: 2x + 3y = 13 na 3x + 5y = 21.

KidatoChaPili_Chumbageni

Nimefanya hivi:

2x = 13 − 3y
x = (13 − 3y)/2
3(13 − 3y)/2 + 5y = 21
3(13 − 3y) + 10y = 42 (nimezidisha kila kitu kwa 2)
39 − 9y + 10y = 42
y = 3
x = (13 − 9)/2 = 2

Wa kwanza: 4 + 9 = 13. Wa pili: 6 + 15 = 21. Yote miwili imekubali.

BarazaLaHesabu

Safi kabisa. Mstari wa nne ndio nilioutaka: umezidisha 5y kwa 2 ikawa 10y, na 21 ikawa 42. Wengi huzidisha upande wa sehemu tu na kuisahau 21.

MamaMakorora

Mwalimu, binti amerudia lile swali la madaftari usiku huu, lakini safari hii aliamua kuanza na kalamu. Ameandika k = 2,050 − 1.5d kutoka mlinganyo wa kwanza, akaiweka kwenye wa pili, 2d + 5(2,050 − 1.5d) = 4,200, akapata 5.5d = 6,050, na d = 1,100. Kalamu ikaja 400 vilevile. Sasa ananiuliza kwa nini amepita njia nyingine na kufika palepale, na mimi sina la kumjibu.

BarazaLaHesabu

Mwambie achukue karatasi ya grafu, mama. Kwenye mhimili mmoja aandike bei ya daftari, kwenye mwingine bei ya kalamu. Mlinganyo wa kwanza utampa mstari mmoja, ambao kila nukta yake ni jozi ya bei zinazoweza kutoa 4,100. Wa pili utampa mstari mwingine, wa jozi zinazoweza kutoa 4,200. Mistari hiyo inakatana mahali pamoja tu, kwenye 1,100 na 400. Kutenga d kwanza au k kwanza ni kuchagua utaingilia mlango upi, lakini makutano yenyewe yalikuwepo pale kabla hajashika kalamu. Akishaichora, akipenda aje nayo barazani kesho alasiri tuitazame pamoja na wenzake.